Ubani Ndani ya Ringi

Magurudumu mapya ya Ustadh Himid yalianza kulia siku ya pili tu baada ya kufungwa, na wa kwanza kuyasikia hakuwa yeye. Alikuwa mkewe, Mardhiya, amekaa uani na ungo mapajani anachambua mchele. Himid aliikokota baiskeli kutoka mlangoni kwenda kivulini, na gurudumu la nyuma lilipokuwa likizunguka taratibu likatoa mlio: ka, kimya, ka, kimya, ka. Himid akasimama, akaliinua, akalizungusha kwa kidole, akaweka sikio.

"Umesikia, Mama Nahla?"

"Sikusikia kitu," Mardhiya akasema, na mikono yake ikaendelea na mchele bila ya kujua tena chuya ni ipi. Alikuwa amesikia vizuri sana. Alijua kinacholia, kwa sababu yeye ndiye aliyekitia.

Kabla hujamcheka, mjue kwanza mumewe. Himid ni mwalimu wa chuo cha Kurani, mtu mwema, mtu wa msimamo, na msimamo wake huo wakati mwengine unachosha. Mtoto akija chuoni na hirizi shingoni, Himid huivua mwenyewe, akaifunga kwenye karatasi na kumpelekea mzazi, pamoja na maneno. Alipozaliwa binti yao Nahla, wanawake wa upande wa Mardhiya walimfunga mkononi mvuje wa kumkinga na jicho, kama walivyofungwa wao na mama zao. Himid aliingia na mkasi, akaukata mbele ya wageni waliokuja kutazama uzazi. Chai ikapoa vikombeni. Siku hiyo akamtaka Mardhiya ahadi kwamba mambo hayo hayatoingia tena katika nyumba ile, na Mardhiya akaahidi. Ungefanya nini, na mtoto yuko kifuani na watu wanakutazama?

Mtu huyo wa msimamo ana udhaifu mmoja tu wa dunia, nao ni baiskeli. Kila akisha kusali alfajiri huvaa kaptura ya kubana, aliyoishonesha ipite magoti maana aurati ni aurati, akaenda kukutana na wenzake nje ya uwanja wa Gombani, wakatoka pamoja kuelekea Wete. Mwaka jana alianguka katika mteremko akavunjika mtulinga. Mardhiya alimlisha kwa mkono wake, akamvisha, akamfunga vifungo, na kila akilala alimwona anaanguka tena.

Basi alipoletewa magurudumu ya kaboni, na marafiki wakaja kuyapapasa na kusema sasa Ustadh ataruka, wenzake walifurahi. Mardhiya alisikia neno kuruka tu.

Magurudumu yenyewe aliyaagizia Aamir, mwenye duka la vipuri mjini Chake, ambaye ndugu yake yuko Dubai. Hakuyaagiza kwa kutaka faida. Aamir na Himid walikua pamoja, na Rumana, mke wa Aamir, ndiye shoga mkubwa wa Mardhiya. Yalikuja katika sanduku lake, limefungwa bado kwa gundi ya kiwandani, na Aamir alimkabidhi Himid kwa mikono miwili kama mtu anayempa mwenzake mtoto kumpakata.

Mardhiya akaaga kwenda Kiuyu kumtazama Bi Moza, dada wa bibi yake. Alikwenda kweli kumtazama, lakini alirudi na ubani uliosomewa, vipande vidogo vilivyofungwa kwenye pembe ya leso. Bi Moza alimwambia autie pahala penye chombo atakachopanda mumewe, pasipoonekana. Kwenye baiskeli hapana pahala pasipoonekana na Himid, ambaye huifuta mpaka chini ya kiti. Lakini magurudumu yalikuwa yamesimama chumbani, bado hayajatiwa mpira, na kwenye ringi ya lile la nyuma palikuwa na tundu ndogo ya kupitishia valvu. Mardhiya alidhani ni tundu fupi, kama tundu ya msumari ukutani. Akakisukuma kipande cha ubani kwa kidole ili kikae mdomoni mwa tundu. Kikadumbukia. Akatia cha pili akidhani kitakutana na cha kwanza. Nacho kikadumbukia, na akavisikia vyote vinabingirika ndani, vinakwenda mbali.

Hakujua kwamba ringi ya kaboni ina uwazi ndani, mzunguko mzima. Angejuaje? Akaligeuza gurudumu, akatia pini ya nywele, akalitikisa. Himid akakohoa ukumbini. Mardhiya akaliegemeza ukutani na kutoka na ufagio mkononi.

Hapo angeweza kusema. Tena angeweza kusema siku ile uani. Lakini alisema hakusikia kitu, na ukishasema neno hilo, la pili linataka lifanane nalo.

Himid aliipeleka baiskeli, pamoja na gurudumu la zamani, kwa Haidar, fundi wa baiskeli wa Madungu, ndugu yake Mardhiya wa tumbo moja. Mardhiya akafuata nyuma na kisingizio cha kumpelekea kaka yake mkate wa boflo. Akakaa kwenye gogo pembeni akitazama.

Haidar alianza na yaliyo mepesi, kama fundi yeyote asiyejitafutia kazi. Akakaza ekseli. Akatia grisi. Akaizungushia valvu utepe, kwa sababu valvu ndefu hugonga kaboni na kaboni hupaza sauti kuliko chuma. Akazungusha: ka, kimya, ka. Akaligusa kila spoku kwa ukucha. Akafungua meno ya nyuma akayafunga upya. Akatia gurudumu la zamani mahala pake, baiskeli ikanyamaza. Akarudisha jipya, ikalia.

"Basi ni gurudumu lenyewe," akasema. "Tena tazama hapa. Nikizungusha mbio halisemi. Likipunguza mwendo, lasema. Hicho ni kitu kimo ndani, hakikushikwa. Likenda mbio kinajibana kwenye ukuta wa ringi. Likipoa kinaanguka."

Alivua mpira na tyubu, akaligeuza gurudumu tundu ikiangalia chini, akalitikisa mpaka jasho likamtoka. Kitu kilifika kwenye tundu, wakakisikia kinagonga, hakikutoka. Akachungulia kwa tochi ya simu. Akaona pembe ya kitu kimoja kikubwa, cheusi kwa vumbi la kaboni, kipana kuliko tundu.

Mardhiya alishangaa kweli. Yeye alitia vipande vidogo.

Haidar akakaa kitako, akafikiri, na akafikiri vizuri sana, na ndivyo alivyokosea. "Kitu kino kikubwa kuliko tundu," akasema. "Na hapana mlango mwengine. Kwa hivyo hakikuingia, kilikuwamo. Ringi imemeguka kwa ndani. Lilivunjika kabla ya kufika kwako, Ustadh, likapakwa rangi. Usilipande, litakuua."

Himid alilitazama gurudumu, akamtazama mkewe, akalitazama tena gurudumu.

"Lakini sanduku lilikuja na gundi yake," Mardhiya akasema. Sauti ilimtoka ndogo.

"Gundi hata mie nnayo," akajibu Haidar.

Angesema pale, mbele ya kaka yake na mumewe tu, pasingekuwa na hadithi. Aliinama akaokota makombo ya boflo yaliyoanguka.

Aamir alipoulizwa alicheka kwanza, akidhani ni mzaha. Halafu akaacha kucheka. Akasema sanduku alilifungua Himid mwenyewe. Himid akasema fundi ameona kwa macho yake. Wangebaki dukani wakabishana wakamaliza, lakini asubuhi yake, nje ya uwanja wa Gombani, wenzake walimuuliza Himid mbona karudia magurudumu ya zamani, naye akasema: Aamir kaniuzia lililovunjika. Basi. Neno lilifika sokoni kabla yake. Katika mji mdogo kama Chake mtu haambiwi mwizi. Watu huacha tu kukaa kwenye benchi la duka lake. Benchi la Aamir likabaki tupu.

Kisha likaja la msahafu. Mtu mmoja alisema Aamir hawezi kufanya vile, mwengine akasema anaweza, na Himid, kwa hasira au kwa nini, akasema: "Kama mkweli, ashike msahafu Ijumaa, baada ya sala." Kwetu mtu haapishwi kwa msahafu kwa ajili ya gurudumu. Hata akiwa mkweli, akishaushika hubaki ni yule aliyeshikishwa msahafu, na wanawe pia. Aamir aliletewa ujumbe akiwa anapanga tyubu, akasema, "Mwambieni ntakuja."

Rumana alikuja kwa Mardhiya siku hiyo hiyo. Alikaa jikoni kwenye kibao cha mbuzi, buibui bado mwilini, akalia bila ya sauti.

"Hali, Mardhiya. Chakula hali. Asema hata babake, aliyeishi hapa umri wake wote, hakuwahi kuapishwa na mtu. Na leo anaapishwa na Himid! Si mtu mwengine, Himid!"

Mardhiya alimshika mkono. Akamwambia Mungu yupo. Akamwambia asubiri. Akamfuta machozi kwa pembe ya leso, ile ile leso ya ubani, akaliona hilo akaikunja haraka. Alijiona mchafu. Hakuna njia nyengine ya kulisema: alijiona mchafu, na bado alimsindikiza mwenzake mpaka njiani na kumwambia akamsalimie Aamir.

Kesho yake, Himid akiwa chuoni, Mardhiya alilichukua gurudumu akaenda nalo kwa Haidar.

"Lipasue ukitaka," akamwambia. "Lakini kitoe."

"Kwani wewe yakuhusu nini?"

"Kitoe, kaka."

Haidar akachemsha maji, akayamimina ndani ya ringi kwa mrija ili kilichokwama kilegee, kama kweli ni kipande kilichogandana na gundi. Mvuke ukatoka kwenye tundu. Akanusa. Akaacha kumimina, akanusa tena, akaiweka birika chini.

"Mardhiya."

"Naam."

"Hino nini?"

Banda lote lilinukia kama nyumba ya harusi. Haidar akakivuruga kile kitu kwa waya, kikatoka vipande vipande, laini, vyeusi kwa nje na vyeupe kwa ndani. Sasa alielewa na akaeleza, kwa sababu fundi hata kwenye msiba lazima aeleze: breki inaposhika ringi ya kaboni, ringi hupata moto, ubani ukayeyuka, vipande vikashikana kikawa kimoja, kikakua kuliko tundu kilikopitia. Alieleza mpaka mwisho, ndipo akamtazama ndugu yake.

"Umefanya ubaya gani," akasema taratibu.

"Sikutaka aanguke tena."

"Na Aamir?"

Mardhiya akaanza kulia. Haidar ni mwanamume laini, na machozi ya dada yake hayawezi. Akavifunga vile vipande kwenye gazeti akavitupa mtaroni, akasema: "Haya, mie sikuona kitu. Nimetoa kipande, lipo sawa, Ustadh alipande. Likinyamaza, na maneno yatanyamaza."

Mardhiya alirudi nyumbani mwepesi. Wepesi huo ulidumu mpaka Himid aliporejea. Alilizungusha gurudumu, halikulia. Akampigia Haidar simu, akaambiwa kipande kimetoka. Kipande cha nini? Kipande tu. Kiko wapi? Kimetupwa. Himid akasema, simu mkononi, kwa sauti ya mtu anayesoma kilichoandikwa na mwengine: "Basi kweli kilikuwamo."

Na asubuhi ya pili Gombani nzima ilijua kwamba kipande kimepatikana. Wale waliokuwa bado wanamtetea Aamir wakaacha. Mardhiya na Haidar walitaka kuzima moto, na walichokimimina kilikuwa mafuta ya taa.

Ijumaa ilifika. Himid alikuwa mbele ya kioo anafunga vifungo vya kanzu. Nahla alikuwa nje anacheza. Mardhiya akaingia, akafunga mlango, akabaki amekishika kitasa nyuma yake.

"Baba Nahla, ni mimi. Ndani ya ringi nilitia ubani. Bi Moza aliusomea. Aamir hana kosa."

Alikuwa amejitayarisha kwa kila kitu. Kupigiwa kelele, kukumbushwa ahadi, hata kupelekwa kwao. Himid akafunga kifungo cha mwisho.

"Najua," akasema.

"Haidar kakwambia?"

"Hakuniambia mtu. Nikishuka mteremko na breki nimeishika, nikisimama tu harufu yanijia usoni. Tokea siku ya pili ile. Nani asiyejua harufu ya ubani?"

Mardhiya akakiachia kitasa.

"Ulijua. Kwa Haidar pale, ulijua. Mbona hukuniuliza?"

"Ningekuuliza ungenambia kweli." Akageuka, na Mardhiya akaona kwamba uso wa mumewe umekonda na yeye hakuwa ameliona hilo, kwa kushughulika na dhambi yake mwenyewe. "Na ukisha kunambia ningefanyaje? Mie ndiye ninayewavua hirizi watoto wa watu. Niwaambie nini wazazi wao? Kwamba mie mwenyewe nnapanda juu ya ubani wa Kiuyu? Haidar aliposema limevunjika, nikaona mlango. Nikaingia."

"Mlango wenyewe ni Aamir."

"Nilidhani atakasirika tu. Na la msahafu, nilidhani atakataa, tukaishia hapo, kila mtu na lake." Akakaa kitandani, kanzu ikakunjika, naye ni mtu asiyekaa na kanzu iliyopigwa pasi. "Hakukataa."

Kwa muda wote ule, katika nyumba moja, kwenye mkeka mmoja wa kula, kila mmoja alikuwa anamficha mwenzake kitu kile kile. Ingekuwa jambo la kuchekwa, kama si mtu wa tatu aliyekuwa analilipa.

Wakaenda dukani kwa Aamir pamoja. Walimkuta amevaa kanzu nyeupe na kofia, anafunga mlango wa mbele. Alivyowaona akaacha, hakusema karibu.

"Tumekuja kukutaka radhi," Himid akaanza. "Ilikuwa ubani. Mama Nahla aliutia ndani ya ringi kwa kunihofia, kwa vile nilivyoanguka. Haidar kautoa. Gurudumu zima, halina kitu."

Aamir akamgeukia Mardhiya. "Kweli, shemegi?"

"Kweli. Na nikasikia wakusema nikanyamaza. Rumana akaja kwangu nikanyamaza. Hilo baya kuliko ubani."

Aamir akavuta pumzi. Alikuwa na macho ya mtu asiyelala. "Mke kumhofia mumewe, mie sina neno," akasema. Halafu akamuuliza Himid, kwa upole, kama anayeuliza habari za nyumbani: "Nawe ulikuwa hujui?"

Himid akafungua mdomo. Mardhiya angeweza kujibu yeye, na alitamani. Lakini hilo halikuwa lake. Akayatazama matairi yaliyotundikwa darini na kungoja.

"Nilikuwa najua," Himid akasema.

Aamir alikaa kitako kwenye lile benchi lake tupu. Hakupiga kelele. Aliishika kofia akaivua, akaipangusa, akaivaa tena.

"Basi twende msikitini," akasema mwishowe. "Nilisema ntakuja, ntakuja."

Wakaondoka, mmoja mbele, mmoja nyuma, hawakuongozana. Mardhiya akabaki kizingitini hajui pa kwenda. Pazia la mlango wa ndani, unaoingia nyumbani kwao, likafunguka, Rumana akasimama pale. Alikuwa amesikia yote.

"Ingia, jua kali," akasema.

Mardhiya akaingia. Alikaa kwenye mkeka, na Rumana akakaa upande wa pili. Hapakutiwa maji ya chai motoni. Msikiti uko karibu, na kipaza sauti chake kinafika mpaka jikoni kwa Rumana. Wakaisikia hotuba, wakaisikia sala. Ilipokwisha palikuwa na mkwaruzo, kisha sauti ya Himid, ile ile anayosomeshea watoto.

Alisema anaitwa fulani mwana wa fulani, na kwamba amemzulia Aamir uwongo. Gurudumu lilikuwa zima. Aliyajua hayo tokea mwanzo na akasema kinyume chake, kwa kuilinda heshima yake mwenyewe. Alisema hapana atakayeshika msahafu leo, na kama yupo wa kuushika ni yeye. Alisema watoto wa chuo wako hapa, na wamsikie. Akamaliza kwa kuomba radhi, na kipaza sauti kikazimwa.

Hakuutaja ubani. Hakuitaja Kiuyu, wala mke.

Mardhiya akajifunika uso kwa ushungi. Alitaka kushukuru na akaona aibu kushukuru.

"Hakukutaja," Rumana akasema.

"Hakunitaja."

"Mji mzima hautajua."

Mardhiya akaitikia kwa kichwa. Nje watu walikuwa wanatoka msikitini, na mmoja alishakaa kwenye benchi la duka. Walisikia mbao zinalia.

"Lakini mie najua," Rumana akasema.

Aliinuka akaenda kumfungulia mumewe mlango, na Mardhiya akabaki pale alipo, kwa sababu hakuambiwa aondoke wala hakuambiwa akae.